Mwanachuo Aliyeifundisha Mashine Shikamoo

Tulimwita Mwanachuo, na hata sasa nikimkumbuka jina hilo ndilo linalotangulia. La ubatizo nalijua, lakini pale shambani halikutumika, kama langu lisivyotumika. Mimi nilikuwa Dada wa Chai. Palikuwa na Mzee wa Stoo, palikuwa na Meneja, na kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Yeye hakuwa ameajiriwa, ila alikuwa na chuo, basi tukamwita kwa chuo chake.

Alikuwa mwembamba, mrefu wa shingo, na alitembea ameinamia mbele kama mtu anayeshindana na upepo. Katika zile tambarare za ngano chini ya Mlima Hanang kila mtu hushindana na upepo, lakini yeye alitembea hivyo hata ndani ya ofisi. Alikuwa na sweta moja la bluu, na siku nyingi alilivaa ndani nje. Mara ya kwanza nilipomwambia, alijitazama kifuani akasema, "Afadhali."

Hilo lilikuwa neno lake. Jenereta ikizimika na kazi ya asubuhi nzima ikapotea, alisema afadhali. Chai ikimwagikia karatasi zake, afadhali. Siku moja nikamuuliza, "Mwanachuo, afadhali ya nini? Karatasi si zimelowa?"

"Dada, baya ukiliona limekwisha nusu," akasema. "Linalonitisha mimi ni lile lililokaa kimya."

Alikuwa anasomea kuandika programu za kompyuta huko Dar es Salaam, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa hatujaiona kompyuta. Shamba letu la serikali lilikuwa na moja. Wataalamu wa kigeni waliileta pamoja na kombaini za kuvunia ngano, wakaiweka katika chumba kilichopakana na stoo ya vipuri, ikafunikwa nailoni ikakaa. Mwanachuo alikuja wakati wa likizo ili kuifanya itunze habari za stoo: kipuri kipi kipo, kipo rafu gani, kimebaki kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na chuo. Meneja alimwambia mbele yangu, nikiwa nimeshika birika: "Mavuno yakianza na stoo haijatumia hiki kidude, nakirudisha Arusha kwenye makao makuu. Na kwenye ripoti yako nitaandika kwamba hakuna ulichofanya."

Baadaye nikamuuliza ripoti mbaya maana yake nini. Akasema atarudia mwaka, na anayemlipia karo ni mjomba aliyekwisha kusema kwamba harudii. Alilisema hilo akiwa anakoroga chai, hakulisema tena. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba kijana yule akishindwa na ile stoo, chuo kimekwisha.

Alipenda kazi ile kwa namna ambayo sikuwahi kuona mtu akipenda kazi ya kukaa. Aliandika kwanza kwa penseli, nyuma ya karatasi za kufungia vipuri, zilizonuka grisi. Akimaliza kuandika alianza kufuta. Alifuta kuliko alivyoandika, na kadiri alivyofuta ndivyo alivyochangamka. Alisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonekana kwa wingi wa maneno yake. Baada ya hapo ndipo aliingia chumbani, akaondoa nailoni, akaondoa na kanga yangu kuukuu niliyompa kwa ajili ya vumbi, akapiga vile vibonye huku midomo inacheza.

Madereva wa trekta walimpenda kwa sababu aliwaeleza kazi yake kwa kazi yao. Walimuuliza mashine inajuaje pa kuacha. Akawaambia, "Wewe unapolima unafanya nini? Unakwenda mpaka mwisho wa shamba, unageuza, unarudi. Hakuna anayekwambia kila mara geuza, geuza. Uliambiwa mara moja asubuhi. Na hii nayo naiambia mara moja: rudia hivyo mpaka shamba liishe."

"Na shamba lisipoisha?" dereva mmoja akauliza.

"Hapo itazunguka mpaka jenereta iishiwe mafuta."

"Kama bosi wetu, basi," yule dereva akasema, na wote wakacheka wakiangalia mlangoni.

Na huyu mtu aliyeweza kuielekeza mashine rafu kwa rafu, mwenyewe alipotea. Jumapili moja alitoka kutembea, na kwenye ngano njia zote zinafanana. Alikuja kurudishwa jioni na mzee mmoja wa Kibarabaig kutoka upande wa Getanuwas, aliyekuwa na ng'ombe zake. Walichelewa kwa sababu iliwabidi wazunguke mashamba yote. Ng'ombe akikanyaga ngano, walinzi wanamkamata, na hapo zamani palikuwa malisho ya babu za mzee huyo. Siku mbili Mwanachuo alishinda na penseli yake. Kisha akatuita wakati wa chai tuone kitu kwenye kioo.

Ulikuwa mchezo. Herufi N ilikuwa ng'ombe, herufi M mlinzi, na vitone vilikuwa ngano. Unamwongoza ng'ombe apite mpaka kwenye magadi ya kulamba upande wa pili asikamatwe. Tangu siku hiyo saa ya chai ilijaa watu, na kila mtu alitaka kuwa ng'ombe. Walinzi wa shamba walikuja pia, na virungu vyao, wakapanga foleni, na wao pia walitaka kuwa ng'ombe.

Mzee wa Stoo peke yake hakuja. Na huyo ndiye aliyetakiwa.

Mzee huyu alikuwa Mwiraqw wa Bashay, mpole, mwenye kofia ya sufu asiyoivua isipokuwa kanisani. Funguo za stoo alizifunga kiunoni kwa kamba ya ngozi. Siku Mwanachuo alipomkalisha mara ya kwanza mbele ya mashine, niliingia na vikombe nikakuta amekwisha kusimama.

"Kuna nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Huyu ananiuliza jina." Akakionyesha kioo kwa kidevu. Palikuwa pameandikwa JINA, na alama ya kuuliza. "Mtoto wa jana. Hajaniamkia, hajauliza nimelalaje, ananiuliza jina. Mimi nimekosana naye wapi?"

Mwanachuo alicheka. Kisha akaona Mzee hacheki.

Wiki iliyofuata alimbembeleza akakaa tena. Mzee akabonyeza kibonye kisichotakiwa, mashine ikatoa mlio, ikaandika KOSA. Mzee akageuka rangi. Pale shambani neno kosa lilikuwa na maana moja: ukishakuwa na kosa unaitwa ofisini, na kutoka ofisini unakwenda kwenu. Akauliza kwa sauti ndogo kama Meneja ataliona. Mwanachuo akamwambia hapana, ni namna ya kusema tu. "Miaka yangu yote hapa sijawahi kuwa na kosa," Mzee akasema. "Siwezi kulipata kwa kugusa." Akachukua kofia, akaomba likizo yake ya mwaka, akaenda Bashay.

Mavuno yalikuwa yanakaribia. Niliona ngano inabadilika rangi, na nikamtazama Mwanachuo nikijua anahesabu siku zilizobaki. Nikamwambia, "Sasa sema afadhali yako."

"Afadhali," akasema, lakini taratibu. "Kosa si la Mzee. Nimeshaliona."

Asubuhi yake alipanda lori la magunia, akamfuata Mzee Bashay. Alivyorudi alikuwa na mahindi mabichi ya kunigawia na viatu vyenye matope mekundu, na alizungumza siku nzima. Alisema kule mtu haingii ndani ya nyumba kwa swali. Mtoto akitumwa kuomba jembe kwa jirani, jembe linatajwa mwisho. Kwanza anapiga hodi, anakaribishwa, anaamkia, anaitikiwa, anaulizwa habari za mama, za ng'ombe, za mvua. Hapo ndipo jembe linapata njia. "Na mimi nimemleta mtoto asiyefundishwa nyumbani kwao," alisema, "halafu nikashangaa anakataliwa."

Basi akafuta, akaandika upya. Mashine ikawa na hodi. Kila mtu alipewa herufi yake, na kuibonyeza ndiyo ilikuwa kupiga hodi. Mzee aliporudi kutoka likizo, Mwanachuo alimwambia, "Mzee, gonga S ya stoo." Mzee akagonga kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika funguo. Kioo kikaandika: KARIBU MZEE. SHIKAMOO.

Mzee akakisogelea. "Marahaba," akakiambia.

"Haisikii, Mzee. Mwandikie."

Akaanza kutafuta. M ilikuwa wapi, A ilikuwa wapi. Chai yake ilipoa. Alipofika mwisho mashine ikamuuliza habari za Bashay, na baada ya hapo, kwa adabu, ikauliza anahitaji kipuri gani. Siku aliyokosea, haikulia wala haikuandika KOSA. Iliandika: SAMAHANI SIJAELEWA. TUANZE TENA? Mzee akasema, "Sasa huyu amelelewa."

Meneja alipoona, alimwita Mwanachuo ofisini na mlango ukabaki wazi. "Kompyuta imenunuliwa iokoe muda," nilimsikia. "Wewe unaifundisha kupiga soga."

"Bwana Meneja, Mzee akisalimiwa anakaa. Akikaa anafanya kazi."

"Na huko chuoni kwenu wakiona shikamoo ndani ya programu?"

"Jikoni mle ni Kiingereza kitupu, mwalimu wangu ataona hicho. Sebuleni, kwenye kioo, nimeweka Kiswahili."

Meneja akamwambia mavuno hayako mbali.

Lakini adabu nayo ina mashimo yake. Fundi mmoja kijana alibonyeza herufi yake, mashine ikampa shikamoo, naye akaitika marahaba kwa kujidai, kifua mbele. Mzee alisikia watu wanacheka akatoka stoo. "Inamwamkia huyu? Kesho itanizoea na mimi." Ikabidi Mwanachuo apite kwa kila mtu kuuliza umri wake, auweke ndani, ili mashine ijue nani wa kuamkiwa na nani wa kuulizwa mambo tu. Na kwa kuwa mashine lazima iwe na umri wake, aliipa umri wake yeye mwenyewe. "Ninayesema humo ni mimi," aliniambia. "Nikiitaja kuwa ndogo zaidi nitakuwa nadanganya."

Akafika kwangu, kwa sababu sukari na majani nilivitoa stoo, na ilibidi na mimi niwe na herufi, C ya chai.

"Umri wako, Dada?"

"Sijui."

"Hata kwa kukisia?"

"Mama alisema nilizaliwa mwaka wa njaa. Miaka ya njaa ni mingi."

Hapa inanibidi niseme habari yangu kidogo. Baba alikuwa dereva wa trekta hapo hapo shambani. Alifariki, na mama akamfuata kabla ya msimu kwisha. Nilikuwa darasa la tano, wa kwanza kati ya wanne. Shamba lilituachia chumba kimoja kwenye kota na kunipa kazi ya chai, nikaacha shule. Wadogo zangu, Damiano, Yustina na yule wa mwisho tuliyemwita Mdogo, waliniamkia kila asubuhi kama mama yao, na niliitikia kila asubuhi kama mama yao. Mwanachuo alipofika siku ya kwanza, na yeye aliniamkia, maana alimwona mtu mwenye kilemba, birika na uso usiocheka ovyo. Nikamwambia, "Salama tu." Alirudia kesho yake. "Salama tu." Sikuwa na kinyongo naye. Ila marahaba ni mzigo, ukiitikia umekubali kumbeba aliyekuamkia, na mimi nilikuwa na wa kutosha nyumbani. Huyu nilitaka abaki mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo alijua kwamba shikamoo siitaki, na umri hakuupata. Siku tatu herufi yangu haikufanya kazi, sukari nikaandikiwa na Mzee. Siku ya nne akaniita. Nikabonyeza C, nikangoja. Kioo kikaandika: HABARI ZA NYUMBANI?

Hakikuandika kingine. Kile kidoa cha mwanga kikawa kinawaka na kuzima, kinasubiri. Nikafikiria nyumbani. Yustina alikuwa amepona kikohozi. Damiano alikuwa wa tatu darasani. Mdogo alikuwa amejifunza kufunga kamba za viatu, ingawa viatu vyenyewe vilikuwa vya Damiano. Nikaandika NJEMA, na nilipoandika nikaona kwamba ni kweli.

Mavuno yakaanza, na mashine ilikuwa bado ipo kwa sababu Meneja alikuwa na mengi, hakupata nafasi ya kuirudisha. Siku moja mchana fundi alikuja mbio kutoka mashambani, jasho na makapi usoni. Kombaini mbili zimesimama kwa kukosa beringi, ngano imekauka, upepo unaipukutisha. Meneja alikuja nyuma yake. Zamani jambo kama hilo lilimaanisha Mzee kuingia kati ya rafu na tochi, na watu wawili wa kushusha maboksi, mpaka jioni. Mzee akavuta kiti. Akabonyeza S.

"Mzee, leo ruka salamu," fundi akasema.

"Hairukwi."

"Ngano inamwagika, Mzee."

"Na wewe ulipoingia hapa umenisalimia?"

Fundi akafuta makapi usoni. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," Mzee akasema, na vidole vyake vilikuwa vinaliandika neno lile lile bila kuangalia. Hapo ndipo niligundua kwamba salamu ile ilikuwa imemfundisha kuandika. Alikuwa ameiandika asubuhi na mchana mpaka M na A na R na H na B zilikuwa za kwake, na zile nyingine zilijifuata zenyewe. Mashine ikamjibu: rafu ya nne, chini, nyuma ya mikanda. Fundi akaenda, akainama, akatoka na beringi mbili mkononi. Chai niliyokuwa nimemimina ilikuwa bado inatoa mvuke.

Mwanachuo alisimama pembeni, sweta ndani nje, mikono mfukoni. Meneja alisogea kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine. Kisha akasema, "Mimi herufi yangu ni ipi?"

Mashine haikurudi Arusha. Mwanachuo alirudi chuoni na ripoti nzuri, na likizo zilizofuata alikuja tena, mpaka akahitimu, na hata alipopata kazi mjini alipita mara moja moja. Kila alipokuja aliongeza kitu kidogo. Aliifanya mashine impe Mzee pole mvua ikichelewa. Aliwahi kujaribu kuifanya imkumbushe yeye mwenyewe kula, akasahau kuiwasha. Alisifia kumbukumbu ya mashine, na mwenyewe aliacha mwavuli wake kwetu likizo tatu mfululizo. Kwa Damiano alileta penseli, kwa Yustina kitana, na kila mara kwangu alileta swali moja tu, mlangoni, akitabasamu: "Shikamoo, Dada?"

"Salama tu, Mwanachuo."

Mzee alistaafu akarudi Bashay. Miaka ikaenda, shamba likapungua nguvu, kombaini zikasimama moja baada ya nyingine, na tukasikia kwamba serikali inayaachia mashamba. Ukatangazwa mnada wa vifaa. Mimi nilikuwa bado Dada wa Chai, ingawa wa kunywa chai walikuwa wamebaki wachache. Siku ya mnada nilisimama nje ya karakana nikiangalia matairi na mapipa yamepangwa kwenye majani, na mwishoni, juu ya boksi, kompyuta yetu, imepasuka kioo.

Nikaona mtu anakuja ameinamia mbele. Kichwa kilikuwa na mvi pembeni, tumbo kidogo, lakini upepo alishindana nao vile vile. Hakuniona. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akapiga magoti, akapuliza vumbi kwenye vibonye. Nikasogea nyuma yake nikaona anachokiona. Herufi nyingi zilikuwa zinasomeka. M ilikuwa imefutika. A ilikuwa imefutika kabisa, na kibonye chenyewe kimeingia kama kijiko kilichotumika sana. R, H na B zilikuwa vivuli. C yangu ilikuwa imefifia kidogo.

"Afadhali," akasema.

"Afadhali ya nini tena? Si imekufa?"

Akageuka, bado amepiga magoti. "Dada. Nilidhani labda nilipoondoka waliizima ile salamu." Akapitisha kidole pale palipokuwa na A. "Waliitikia mpaka mwisho."

Mnadi alikuwa hana haja na kile kidude. Alisema kibodi tuchukue tu, itampunguzia kubeba. Mwanachuo akauliza habari za nyumbani, na akasubiri, kama ilivyosubiri mashine. Nikamwambia. Damiano ni fundi magari Katesh, ana watoto wawili. Yustina anafundisha Dongobesh. Mdogo ameoa mwaka huo, na tangu aoe kile chumba cha kota nalala peke yangu, naamka hakuna wa kuniamkia.

Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Na umri wako bado sijaupata."

"Hata mimi bado."

"Basi acha nikisie." Akasimama, akafuta magoti, akavuta sweta likae vizuri, na siku hiyo lilikuwa limevaliwa sawasawa. "Shikamoo, Dada."

Nilitafuta ile salama tu, ilikuwa haipo.

"Marahaba," nikamwambia.

Tukaichukua kibodi tukaelekea kwangu kunywa chai, yeye ameshika upande huu na mimi upande ule, ingawa ilikuwa nyepesi, mtu mmoja angeweza kuibeba kwapani.